Woliai wa Ziwa Erie: Ndoana, nyavu na hesabu ya kila Machi

KILA alfajiri katika msimu wa joto, mamia ya boti za kukodi huondoka katika bandari ndogo ndogo za kusini mwa Ziwa Erie, jimboni Ohio nchini Marekani, nyingi zikiwa zimebeba abiria wasiozidi sita. Abiria hao hawavuki kwenda ng'ambo, wala hawana shehena ya kuuza. Kundi zima limelipa kati ya dola 700 na zaidi ya dola 1,000 za Marekani kwa siku moja tu, ili nahodha awafikishe waliko samaki wanaoitwa woliai.

Kwa mtazamaji wa mbali, hiyo ni starehe ya wenye nafasi, isiyostahili kujadiliwa katika kurasa za siasa na uchumi. Hata hivyo, bidhaa anayoiuza nahodha si mali yake. Samaki ni wa umma, na idadi inayoruhusiwa kuvuliwa huamuliwa kila Machi na maafisa wa majimbo ya Marekani na mkoa mmoja wa Canada wakiwa wameketi meza moja. Meza hiyo haina askari wala mahakama. Imesimama kwa maelewano tu, na maelewano kati ya Washington na Ottawa yamekuwa haba tangu mwaka 2025, mataifa hayo mawili yalipoanza kurushiana ushuru na maneno makali hadharani.

Kiwango chenyewe nacho kimekuwa kikiteremka. Mwaka 2022 kamati inayosimamia ziwa hilo iliidhinisha samaki wapatao milioni 14.5. Mwaka uliofuata ikapunguza hadi milioni 13.5, na mwaka 2024 hadi takriban milioni 12.9. Takwimu hizo si za kutisha, hasa ikikumbukwa kwamba mwaka 2010 kiwango kilikuwa milioni 2.2 pekee. Zinachoonyesha ni kwamba neema ya ziwa hilo huja na kupungua, na kwamba kuna watu wanaoihesabu.

Woliai ni samaki wa maji baridi mwenye macho makubwa ya rangi ya maziwa. Ndani ya jicho mna utando unaoakisi mwanga, ambao humwezesha kuwinda katika giza na katika maji yaliyovurugika. Ndiyo maana manahodha huipenda alfajiri, machweo na siku zenye mawimbi ya wastani. Nyama yake ni nyeupe na haina shombo kali. Upande wa Canada samaki huyo huyo hujulikana kwa jina la pikereli, na mgeni anaweza kumla katika pande zote mbili za ziwa akidhani amekula samaki wawili tofauti.

Ziwa Erie lina ukubwa wa kilomita mraba zipatazo 25,700, yaani zaidi kidogo ya thuluthi moja ya Ziwa Victoria. Kati ya Maziwa Makuu matano ya Amerika Kaskazini, ndilo lenye kina kifupi zaidi: wastani wa mita 19, na upande wa magharibi mita saba hivi. Ufupi huo wa kina ndio utajiri wake, kwani maji hupata joto upesi, chakula huwa tele na samaki hukua haraka. Ndio pia hatari yake. Upepo ukivuma kwa saa chache mawimbi hupanda na kukaribiana, na nahodha mwenye busara huwarudishia wateja fedha zao au kuwapangia siku nyingine.

Biashara ya boti hizo ina masharti yake. Nahodha hana budi kuwa na leseni ya Kikosi cha Ulinzi wa Pwani cha Marekani, na ile ya kawaida kabisa humruhusu kubeba abiria sita wanaolipa. Ni lazima pia awe na kibali cha jimbo cha kuwaongoza wavuvi, huku kila abiria akiwa na leseni yake ya kuvua. Katika maji ya Ohio, mtu mmoja huruhusiwa kuvua woliai sita kwa siku, kila mmoja akiwa na urefu usiopungua inchi 15, yaani sentimita 38. Kwa hivyo abiria sita wakibahatika hurudi na samaki 36.

Mbinu zimebadilika mno. Zamani boti iliachwa ielee na upepo, na kila abiria akatupa mshipi wenye chambo cha mnyoo. Wapo manahodha wanaoshikilia utaratibu huo hadi sasa, wakisema kwamba mteja anayevuta samaki kwa mkono wake mwenyewe hurudi tena. Wengi wao, lakini, wamegeukia kuburuta mishipi mingi nyuma ya boti, ikiwa imetandazwa kulia na kushoto kwa vibao vinavyoelea, huku mitambo ya mawimbi ya sauti ikionyesha kwenye skrini samaki walipo. Boti inapotia nanga, wateja hupeleka samaki wao katika vibanda vya kupasulia, ambako hutengenezwa minofu kwa malipo ya uzani, ikafungwa kwenye mifuko na kuwekwa barafu tayari kwa safari ya nyumbani.

Mji wa Port Clinton umeishi kwa samaki huyu kiasi kwamba usiku wa kuamkia Mwaka Mpya wakazi wake hukusanyika kutazama sanamu kubwa ya woliai ikiteremshwa kutoka juu saa sita kamili. Hoteli, maduka ya chambo, mafundi wa injini na wauzaji wa barafu wote hupanga mwaka wao kufuata ratiba ya samaki.

Si wote wanaomfuata woliai kwa dola mia saba. Zipo boti kubwa ambazo kila mtu hukata tiketi yake kwa bei nafuu, na kila majira ya kuchipua maelfu ya watu huingia katika Mto Maumee wakiwa wamevaa suruali za mpira, wakasimama bega kwa bega na kuwavua samaki wanaopanda mtoni kutaga. Hao hawahitaji nahodha. Leseni na mshipi vinawatosha.

Hali hii ya kumtenga woliai kwa ajili ya ndoana haikuletwa na maumbile. Ni uamuzi wa kisiasa uliozaliwa na balaa. Mnamo 1970 madini ya zebaki yaligunduliwa katika minofu ya samaki wa Ziwa St. Clair na Ziwa Erie, yakiwa yametiririshwa na viwanda vya kemikali. Uvuvi wa kibiashara wa woliai ukasimamishwa. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, Juni 1969, Mto Cuyahoga unaopita jijini Cleveland ulikuwa umeshika moto kutokana na mafuta na taka zilizoelea juu yake, na magazeti yalikuwa yakiliita Erie ziwa lililokufa. Hadi leo mamlaka za afya za Ohio hutoa ushauri kuhusu mara ngapi mtu ale samaki wa ziwa hilo.

Ziwa lilikuwa na kumbukumbu nyingine chungu. Paiki wa buluu, ndugu wa karibu wa woliai aliyevuliwa kwa wingi usiosemeka kwa miongo kadhaa, aliporomoka ghafla katika miaka ya 1950. Mwaka 1983 serikali ya Marekani ilitangaza rasmi kwamba ametoweka. Wazee wa bandari hizo walishuhudia jinsi samaki wa kila siku anavyoweza kugeuka hadithi katika muda wa maisha ya mtu mmoja.

Uvuvi uliporejeshwa katika miaka ya 1970, pande mbili za ziwa zilichagua njia tofauti. Ohio na Michigan zilimkabidhi woliai kwa wavuvi wa ndoana, na wenye nyavu wa Ohio wakaachiwa samaki wengine. Ontario iliamua kuendelea na nyavu. Hadi sasa meli za bandari za Wheatley, Kingsville na Port Dover hutega jarife ambazo husimama majini kama ukuta na kumnasa samaki mashavuni, na sehemu kubwa ya samaki hao huishia katika masoko ya Marekani. Matokeo yake ni kichekesho cha aina yake: mkazi wa Ohio anayetaka kula woliai wa ziwa lake mwenyewe hotelini, mara nyingi huuziwa aliyevuliwa na Mkanada.

Wenye nyavu wa Ohio hawakuupokea uamuzi huo kwa furaha, na haikuwa ajabu. Familia zilizoishi kwa uvuvi kwa vizazi ziliambiwa kwamba samaki aliyewalisha atamfaidi mtalii. Hoja ya serikali ilikuwa ya hesabu: samaki mmoja aliyenaswa na ndoana ya mgeni huacha fedha kwenye boti, hoteli, mkahawa na kituo cha mafuta, ilhali yule wa wavu huuzwa mara moja kwa kilo. Hesabu hiyo ina ukweli. Ina pia upofu, kwa kuwa fedha za hoteli hazimfikii aliyenyang'anywa wavu.

Maadamu samaki ni yule yule, pande hizo zilihitaji namna ya kugawana. Tangu 1976 kiwango cha pamoja kimekuwa kikiwekwa kila mwaka, chini ya Tume ya Uvuvi ya Maziwa Makuu iliyoundwa kwa mkataba wa mwaka 1954 kati ya Marekani na Canada. Kanuni yenyewe ni rahisi. Eneo la maji yanayofaa kuwa makazi ya woliai hupimwa, na kila upande hupata mgao kulingana na sehemu iliyo ndani ya mipaka yake. Ohio hupata takriban asilimia 51, Ontario asilimia 43 na Michigan karibu asilimia sita. Pennsylvania na New York huketi kwenye kamati, lakini maji yao ya mashariki hayamo katika mgao huo.

Samaki wenyewe hawaitambui mipaka hiyo. Utafiti wa kuwatia alama umeonyesha kwamba woliai wengi hutaga magharibi, kwenye miamba na katika mito ya Maumee na Sandusky, kisha hufuata maji ya baridi kuelekea mashariki majira ya joto yanapowadia. Wakubwa, wengi wao wakiwa majike, ndio wanaosafiri mbali zaidi. Hivyo nahodha wa New York huuza mwezi Agosti samaki ambaye Aprili alikuwa Ohio.

Kilicho cha ajabu zaidi ni kwamba makubaliano haya hayana nguvu ya sheria. Mpango wa pamoja uliotiwa saini mwaka 1981 unadai kauli moja ya wahusika wote, na kila upande hurudi nyumbani kuutekeleza kwa sheria zake wenyewe. Kwa kawaida mipango ya aina hiyo hufa mapema. Huu umedumu, na sababu inayoelekea kuwa ya kweli ni kwamba wanasayansi wa pande zote hutupa nyavu za majaribio, hulinganisha takwimu na kutumia hesabu moja kabla wanasiasa hawajaingia chumbani. Wakibishana, hubishana kuhusu kiasi gani kivuliwe, si kuhusu wangapi wamo majini.

Hesabu hiyo hufuata rika. Jike mmoja hutaga mayai kwa malaki, na karibu yote hupotea. Kuna miaka ambapo upepo wa Aprili huyafagia kutoka miambani, au maji hupata joto na kupoa tena, na rika zima likakosekana. Kuna mingine ambapo kila kitu hupatana. Rika la 2003 liliwalisha manahodha kwa zaidi ya mwongo mmoja, kiasi kwamba kufikia 2010 boti nyingi zilikuwa zikiwavua samaki wa umri mmoja. Kisha likaja la 2015, likafuatwa na la 2018 lililokuwa miongoni mwa makubwa kuwahi kurekodiwa, na mengine mazuri ya 2019 na 2021. Neema ya miaka ya hivi karibuni ni ya marika hayo machache. Kushuka kwa kiwango tangu 2022 ni dalili kwamba yanazeeka na kuvuliwa.

Hapa ndipo penye mgogoro usiokwisha miongoni mwa wavuvi wenyewe. Ohio haifungi msimu wakati wa kutaga. Machi na Aprili boti hukusanyika juu ya miamba na kuvua majike yaliyojaa mayai. Wakosoaji huona hilo kuwa sawa na kula mbegu. Wataalamu hujibu kwamba ukubwa wa rika huamuliwa na hali ya hewa kuliko wingi wa majike, na mfano wao ni rika la 2015, lililozaliwa wakati samaki hawakuwa wengi ikilinganishwa na sasa. Aidha, Ohio imekuwa ikiacha majini sehemu kubwa ya mgao wake. Jibu hilo linaridhisha maadamu samaki ni tele. Linahitaji kupimwa tena siku ambapo marika mabaya yatafuatana, na majira ya baridi yasiyo na barafu, kama yale ya mapema 2024 yaliyovunja rekodi katika Maziwa Makuu, hayatoi hakikisho lolote.

Tishio jingine hutoka nchi kavu. Mbolea inayosombwa kutoka mashamba ya bonde la Maumee huingiza fosforasi ziwani, na kila kiangazi mwani wa kijani hutanda upande wa magharibi. Agosti 2014 sumu ya mwani huo iliingia katika mfumo wa maji wa jiji la Toledo, na zaidi ya watu 400,000 wakaambiwa wasinywe maji ya mfereji kwa muda wa siku tatu hivi. Februari 2019 wapiga kura wa jiji hilo walipitisha sheria ya kulipa ziwa haki zake za kisheria kama mtu. Mwaka mmoja baadaye mahakama ya shirikisho iliifuta. Mwani hauui woliai moja kwa moja, ila mteja anayeona maji ya rangi ya supu ya mboga hughairi safari, na nahodha hana wa kumshtaki.

Mapema mwaka 2025 hofu ilitoka serikalini. Baadhi ya watumishi wa serikali ya shirikisho ya Marekani wanaopambana na samaki mfano wa mkunga anayefyonza damu ya samaki wengine waliachishwa kazi katika wimbi la kupunguza wafanyakazi, kisha wakarejeshwa. Kazi yao ni kutia dawa katika mito anamozaliana kiumbe huyo. Iliposuasua wakati wa janga la korona, viumbe hao waliongezeka katika Maziwa Makuu.

Pesa zinazozunguka karibu na samaki huyu zimezaa pia ulaghai. Septemba 2022, katika shindano la kuvua woliai jijini Cleveland, msimamizi alishuku samaki waliokuwa wazito kupita urefu wao. Alipowapasua mbele ya umati, zilitoka chubwi za risasi na minofu ya samaki wengine iliyoshindiliwa tumboni. Zawadi ilikuwa karibu dola 29,000. Wahusika wawili walikiri makosa mwaka uliofuata, wakafungwa siku kumi, wakasimamishiwa leseni na boti yao ikachukuliwa na serikali. Kisa hicho kilichekwa duniani kote. Kwa manahodha halikuwa jambo la kucheka, kwa kuwa biashara yao hutegemea kuaminika kwa kila anayesema amevua nini na kiasi gani.

Kwa msomaji wa Kenya, Erie ina mafunzo na ina mtego. Ziwa Victoria nalo lina kina kifupi, limegawanywa na mipaka ya mataifa na limewahi kuzibwa na gugumaji. Mkataba wa kuanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria ulitiwa saini mwaka 1994 na Kenya, Uganda na Tanzania. Kanuni zipo: mbuta anayeruhusiwa ni wa kati ya sentimita 50 na 85, na Kenya hufunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi Julai. Pamoja na hayo, kisiwa cha Migingo kilikaribia kuzifarakanisha Nairobi na Kampala mwaka 2009, na tangu 2017 Uganda imetumia wanajeshi kuwaandama wavuvi wanaotuhumiwa kuvunja sheria.

Wapo wanaopendekeza utalii wa ndoana. Si wazo geni, kwani visiwa vya Rusinga na Mfangano vimewahi kupokea wageni waliosafirishwa kwa ndege kutoka Maasai Mara ili wavue mbuta kwa burudani. Lakini mvuvi wa Ohio aliyepoteza wavu wake aliishi katika uchumi wenye viwanda vya magari na chuma vilivyoweza kumwajiri. Mvuvi wa Mbita au Usenge ana njia chache mno, na anayetaka kumwondoa majini ili kumpisha mtalii sharti aseme kwanza atampeleka wapi.

Suala la mgao ni zito zaidi. Kenya inamiliki takriban asilimia sita ya Ziwa Victoria. Ikiwa siku moja nchi hizo tatu zitakubali kuhesabu samaki pamoja na kugawana kama wanavyofanya Ohio na Ontario, na kipimo kikawa eneo la maji peke yake, Kenya itaondoka mezani na samaki sita katika kila mia. Hiyo ni sehemu inayokaribiana na ya Michigan, jimbo ambalo halina kundi kubwa la wavuvi wa woliai wanaotegemea wavu kwa mlo wa jioni. Kipimo cha Erie, hata hivyo, ni makazi ya samaki, na neno hilo huacha mlango wazi. Ghuba ya Winam na vinywa vya Nzoia, Yala, Nyando, Sondu na Kuja ni maji ya kina kifupi yanayolea samaki wachanga, na mjumbe wa Kenya atakayeketi kwenye meza hiyo atahitaji kuwa na takwimu za mito hiyo mkononi, zilizokusanywa kwa njia ambayo Kampala na Dodoma zitazikubali.